Ubao wa Bi Harusi Si Soko la Darajani



Wiki hii tumepokea mialiko mitatu ya kujiunga na mbao za harusi kule Pinterest. Wa kwanza ulitoka kwa bi harusi mwenyewe. Wa pili ulitoka kwa wifi wa bi harusi mwengine. Wa tatu hatujui mpaka leo umetoka kwa nani, ila ubao wenyewe umepewa jina kamili la mwari na tarehe ya ndoa yake. Wa kwanza tuliukubali siku ile ile. Kwa wa pili tulimpigia simu bi harusi kumuuliza kama anajua habari hizo, na wa tatu tumeuacha ulivyo. Basi ikaja lawama. Kuna aliyetuandikia kwamba mafundi tukishapata wateja tunajifanya wakubwa, kuingia ubao wa watu hatutaki. Tumeona bora tuseme yaliyo moyoni, maana jambo lenyewe si kiburi.

Kwa wageni: sisi tunaosema "sisi" hapa ni wawili, wifi na wifi yake. Tulisoma ushoni pamoja baada ya skuli, tukaanza na cherehani moja ya miguu kwenye chumba cha mbele, na leo tuna nne na mashine ya overloki. Nguo za bi harusi ndiyo kazi yetu kubwa. Shaabani na Mfunguo Mosi cherehani hazipoi.

Pinterest wengi wenu mnaijua kuliko sisi, kwa hiyo hatutachukua muda. Ilianza mwaka 2010 huko Marekani, na kazi yake ni moja tu: unaona picha unayoipenda, unaibandika kwenye ubao wako, ukiitaka tena unaikuta. Mtu anaweza kuwa na mbao nyingi, wa mapishi, wa nyumba, wa nguo za watoto. Ubao wa pamoja ni ule ambao mwenyewe anawaalika wengine waingie nao wabandike. Na ubao wa siri, uliokuja mwaka 2012, ni ule ambao hauonekani na mtu yeyote ila mwenyewe na aliowaalika. Yashikeni hayo mawili, wa pamoja na wa siri, maana ndiyo mwanzo na mwisho wa maneno yetu.

Tulipoanza kazi, bi harusi alikuja na gauni la kuazima la binamu yake. "Nishonee kama hili, ila mikono iwe mipana." Au alikuja na ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la mitindo la Dar es Salaam, umekunjwa mara nne ndani ya pochi, na pale penye mkunjo ndipo palipokuwa na shingo. Tulishona kwa kukisia. Wakati mwengine tulipatia, wakati mwengine mwari alilia mbele ya kioo na sisi tukalia naye nyuma ya pazia. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba sisi tunaupinga ubao. Ubao umetupunguzia machozi mengi. Tumewahi kumshonea mwari wa Mkoani aliyekuwa na dada yake Maskat na somo yake Wete, wote watatu na sisi mmoja ndani ya ubao. Dada akabandika vitambaa alivyoviona huko madukani. Somo akabandika picha ya kisutu na namna ya kufunga shela. Bi harusi akachagua. Sisi tukabandika picha ya kipande cha kitambaa kile kile baada ya kukifua na kukipiga pasi, aone kinavyosinyaa. Alikuja Unguja mara mbili tu, kupima na kuchukua. Nauli ya boti iliyobaki alinunulia udi.

Ubao wa namna ile tunaupenda, na tunaomba mtualike kila siku.

Sasa tuseme lile ambalo hatujawahi kulisema hadharani. Tumeomba idhini ya mwenyewe kwanza, na ameturuhusu kwa sharti la kutomtaja wala kutaja mtaa.

Kulikuwa na bi harusi tuliyempenda sana, msichana mpole, anacheka kwa macho. Ubao wake ulifunguliwa na binamu yake, wakaingia watu 14. Tukaalikwa na sisi. Tulifikiri ni wa siri. Hatukuuliza, tulifikiri tu, kwa sababu mbao zote mbili tulizokuwa tumeingia kabla ya huo zilikuwa za siri. Siku ya jaribio la kwanza gauni lilikuwa halijatiwa bitana, mabega yako wazi, mtandio hana, nywele zimefungwa juu kwa kibanio. Yuko kwetu, chumba cha ndani, mlango umefungwa, hapana mwanamme. Alisimama mbele ya kioo akajiona, akasema, "Mmenifanya mzuri." Tukampiga picha kwa simu ya dukani. Mmoja wetu ndiye aliyeibandika kwenye ubao usiku ule, ili dada zake walioko mbali waone kazi ilipofika. Hatutasema ni nani kati yetu, kwa sababu sote wawili tulikuwepo na hakuna aliyesema ngoja.

Ubao ulikuwa wazi. Ubao mpya huwa wazi kwa dunia nzima mpaka mtu awashe kitufe cha kuufanya siri, na binamu hakukiwasha, si kwa ubaya, hakukijua. Ndani ya siku mbili mtu tusiyemjua aliihifadhi picha ile kwenye ubao wake wa mitindo. Kutoka hapo mwengine. Halafu ikashushwa simu na ikaingia WhatsApp, na WhatsApp ya kisiwani petu mnaijua: asubuhi iko Mwanakwerekwe, mchana iko Nungwi. Jioni ikamfikia mama mkwe mtarajiwa. Na haikumfikia yeye peke yake. Iliingia kwenye kundi la familia ambalo lina wanaume.

Tuliifuta. Tulidhani kuifuta ndiyo kuimaliza, na hapo ndipo tulipojifunza: ukifuta picha uliyobandika wewe, nakala ambazo wengine wameshazihifadhi kwenye mbao zao hubaki. Tuliziripoti moja moja kwa wenye mtandao, tulizoziona. Zile za ndani ya simu za watu, nani ataziripoti?

Ndoa haikuvunjika, alhamdulillah, bwana harusi alikuwa mtu mzima wa akili kuliko umri wake. Lakini msichana hakulitaka tena lile gauni. Alisema kila akiliona anaona watu. Tulimshonea jengine kwa siku tisa, kwa gharama yetu, kitambaa na kazi, tukilala dukani kwa zamu. Hilo ni fidia ya pesa. Kile tulichomchukua hakina futi kamba ya kukipimia. Lile la kwanza bado tunalo, limefungwa ndani ya shuka juu ya kabati, hatujaliuza na hatujalifumua.

Kwa hiyo sasa tukialikwa kwenye ubao tunauliza. Ni wa siri? Nani mwenye ubao? Wako wangapi ndani? Mwari anajua? Wengine wanaona tunawahoji kama polisi. Tunawaelewa. Lakini Surat an-Nur imetufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mwenzetu, na sisi tunaona ubao wa bi harusi una picha za mwili wake, vipimo vyake, chumba chake cha fungate, hata nguo zake za ndani wapo wanaobandika. Hiyo ni nyumba, tena chumba cha ndani. Ajabu yetu ni kwamba dada yule yule ambaye kwenye kadi yake ya mwaliko ameandika simu na picha haziruhusiwi ukumbini, na ameweka mtu mlangoni wa kukagua pochi, ndiye aliyeacha ubao wake wazi kwa miezi sita.

Na jina. Mashoga, jina la ubao lisiwe jina lako na la bwana harusi na tarehe. Ubao wazi unaweza kuonekana hata kwa mtu anayetafuta tu kwenye Google. Mwite "Mkeka", mwite "Mdalasini", mwite jina la paka wenu. Bi harusi mmoja aliuita ubao wake "Madeni ya Baba" na kwa kweli haukuwa uongo.

Kuhusu idadi ya watu ndani, sisi tuna msimamo na tunajua utawaudhi wengi: watano wanatosha. Mwari, somo yake au mama, dada au shoga mmoja wa kweli, fundi, na mpambaji akihitajika. Watu 14 si ubao, ni soko la Darajani. Tena wengi hawajui kwamba aliyealikwa naye anaweza kualika wengine, mwenye ubao asipobana ruhusa. Umemwalika wifi, wifi kamwalika jirani, jirani kamwalika binti yake anayesoma Dar, na wewe unaona tu namba inapanda. Kule kwenye mipangilio ya ubao unaweza kuchagua walioingia wafanye nini: waweze kila kitu, au waishie kubandika na kutoa maoni tu. Chagua la pili. Anayenuna kwa sababu hakupewa ufunguo wa nyumba yako, mwache anune.

Tunajua jibu lenu. "Bi mkubwa upande wa mume akitaka kuingia, nimwambie hapana?" Hili ni gumu, hatujifanyi halina uzito. Mawifi ni mawifi. Na sisi wawili ni mawifi, tunajua. Tulichowaona wenzenu wakifanya ni kufungua mbao mbili. Mmoja wa siri wenye mambo ya mwili: gauni, majaribio, singo, chumba. Mwengine wa familia, wa pamoja, wenye mapambo ya ukumbi, sahani za halua, rangi za madera ya wageni, maua. Humo aingie nani na nani, wabishane kuhusu viti mpaka usiku. Hakuna aliyeachwa nje na hakuna aliyeingia ndani.

Haya, tumesema ya kufunga milango. Sasa ya kuchangia, maana huku nako kuna maudhi, na hapa tutakuwa wakali kidogo.

Kuna mtu anaingia ubao wa mwenzake kula tu. Haweki kitu. Anasoma, anachukua, anatoka. Mwari ametafuta miezi mitatu rangi ambayo hapa Unguja haijavaliwa, baina ya zambarau na moshi, kaipata, kaibandika, na wiki mbili kabla ya harusi yake shoga yake aliyekuwa ndani ya ubao anatoka kwenye kesha la hina la mtu mwengine kavaa rangi ile ile, mshono ule ule, na mpaka ua la begani lile lile. Atasema rangi ni ya Mungu. Sawa, rangi ni ya Mungu, lakini ubao ulikuwa amana. Yanayosemwa kwenye baraza ya watu hubaki barazani, na yale yaliyobandikwa hali kadhalika. Sisi mafundi tunaletewa mara nyingi picha tunayoijua imetoka wapi. "Nishonee hili." Tunajibu, hili tutakushonea mwezi ujao. Hajaelewa kwa nini, na hatumwambii. Tumepoteza wateja kwa jambo hili, wawili tunaowahesabu, na pengine zaidi tusiowajua.

Kuna na kinyume chake, anayebandika kama anayemwaga mchele. Tulipewa ubao wenye picha 340. Mia tatu na arubaini! Gauni la mkia wa mita tatu kutoka harusi ya Lagos, takchita ya Morocco yenye mkanda wa dhahabu, baju kurung ya Malaysia, magauni ya Uturuki yenye koti juu ya gauni juu ya shati, na katikati yake sofa. Bi harusi mmoja, mwili mmoja, siku moja. Akaja dukani amechoka kuliko alivyokuwa kabla ya kuwa na ubao, akasema, "Fanyeni mnavyoona." Kuchangia si kujaza. Ukiona picha nzuri jiulize kwanza, hii inamfaa yeye au naitaka mimi? Dada zetu walioko London na Toronto, tunawapenda, lakini mnatubandikia velveti ya mikono minene na harusi ni Januari, kaskazi limekaa, ukumbi una mapangaboi matatu na moja halizunguki.

Mchango mzuri unaujua kwa maneno yaliyo chini yake. Picha peke yake haitusaidii sisi fundi. Andika: mkono huu, shingo siyo. Andika: rangi hii lakini kitambaa kisiwe cha kung'aa. Andika umekiona duka gani, Mchangani au Mlandege, na bei waliyokutajia siku ile, mwenzako asije akapigwa. Andika kitambaa kina upana gani. Gauni la kawaida la mikono mirefu, la kufika chini, hula mita 4 mpaka 5 za kitambaa kipana, na sketi ikiwa ya duara kamili hupita hapo. Watu hununua mita 3 kwa sababu kwenye picha mvaaji ni mwembamba kama mshumaa, halafu wanatutazama sisi. Na tuambieni picha mmeitoa wapi. Picha nyingi za Pinterest huja na njia ya kurudi zilikotoka. Igusa uone. Mara nyingi utakuta fundi wa kweli nyuma yake, mwanamke kama sisi, Istanbul au Kuala Lumpur, na amepiga picha za mgongo na za pembeni ambazo kwenye ubao hazipo. Mgongo ndio tunaouhitaji. Zipu iko wapi? Picha ya mbele haisemi.

Kwa nguo zetu za stara kuna taabu yake maalumu. Picha nyingi nzuri si za stara, zinabandikwa kwa nia ya kwamba "fundi atafunga." Kufunga kifua na mgongo si kupachika kiraka. Gauni lililokatwa kukaa bila mikono linabebwa na kiuno. Ukilitia mikono mirefu mizito linavutwa, linakunja kwapani, mwari hawezi kuinua mkono kumlisha bwana harusi keki. Inafanyika, lakini ni kulikata upya kuanzia mwanzo. Ndiyo maana tunawaomba mbandike kile kilichokwishafungwa, siku hizi vipo vingi, wenzetu wa Malaysia na Indonesia wametangulia sana kwa hili. Lesi juu ya krepu, bitana ya pamba ndani, shingo ya kusimama. Hapo tunaiga jambo ambalo mtu mwengine ameshalitatua.

Mbao za hina ndizo tamu kupita zote, na tunashangaa watu wanazipuuza. Mkono na mguu tu, hakuna uso, hakuna jina. Unaweza kuuacha wazi usihofu chochote. Tunao mmoja wa pamoja na wachoraji kadhaa, maua makubwa ya kwetu, mistari myembamba ya Kihindi, yale ya Ghuba ya kuacha nafasi kubwa tupu. Mwari anachagua akiwa amelala na liwa usoni. Tahadhari moja: usichague kwa weusi. Michoro mingi iliyo myeusi tititi kwenye picha ni piko, rangi ya nywele, si hina, na huchoma ngozi. Tumewaona wenye makovu ya maua mkononi mwaka mzima baada ya ndoa. Hina haitoki nyeusi.

Sasa maoni, yale maneno ya chini ya picha. Kwa nini watu wakiingia ubao wa mtu hupoteza adabu ambayo wasingeipoteza mbele ya mlango wake? "Kwa mwili wake hili hapana." "Mnene hafai nyeupe." Na yeye yumo humo humo anasoma. Hilo angalau amelisikia. Kuna wale wanaotoka nje ya ubao, wanafungua kundi lao pembeni WhatsApp, wanamsengenya kwa kutumia picha za ubao wake kama ushahidi. Kusengenya ni kule kule, kidole kimebadilika tu. Mwari mmoja alituonyesha simu yake hapa dukani, alirushiwa kwa makosa na mmoja wao. Alikuwa anatetemeka. Tulimpa maji, tukafunga mlango, hatukupima siku ile.

Wapo wanaotuambia, na baadhi yao ni wazazi tunaowaheshimu, kwamba dawa ya yote haya ni moja, mambo ya harusi yasiingie mtandaoni kabisa. Yasemwe kwa mdomo, kwa somo, kama zamani. Tunalichukulia kwa uzito neno hilo, hasa sisi tuliofanya tuliyoyafanya. Lakini hatukubaliani nalo. Zamani somo alikuwa mtaa wa pili. Leo yuko Maskat au Dubai analea wajukuu, na ubao ndio baraza iliyobaki ya kukaa naye. Mwari asiye na mama, na tumewapata, hukusanya mama wadogo watatu wa miji mitatu ndani ya ubao mmoja na kila mmoja akabandika kile marehemu angekipenda. Tumeshona gauni la namna hiyo. Kola yake ilitoka kwenye picha ya mama yake ya mwaka 1987, ya rangi zilizofifia, aliyoipiga picha tena kwa simu mama mdogo mmoja akaibandika usiku wa manane. Mambo haya tuyaache kwa sababu binamu mmoja hakuwasha kitufe?

Lililo kweli katika neno la wazee ni hili: ubao una tabia ya kukuza. Ulianza na gauni moja, ukaona la kubadilisha, ukaona la kesha, ukaona la asubuhi ya pili. Kila mchangiaji anaongeza la kwake na hakuna hata mmoja anayelipa. Tumewahi kumwambia bi harusi afute sehemu nzima ya ubao, magauni matatu, kazi ambayo ingetulipia kodi ya duka. Mume wake alikuwa mwalimu wa skuli. Alifuta mawili. La tatu tulimshonea.

Na ndoa ikipita? Hapa wengi husahau. Ubao unabaki wazi kama ukumbi uliokwisha shughuli na taa hazikuzimwa. Mwari yuko nyumbani kwake na watu 14 bado wana ufunguo. Watoe. Mwenye ubao anaweza kumtoa yeyote, na mchangiaji anaweza kujitoa mwenyewe asingoje kutolewa, hiyo ni heshima nzuri. Sisi tukimaliza kazi tunafuta kila picha ya jaribio tuliyobandika na zile zilizomo ndani ya simu ya dukani, mbele ya mwari akija kuchukua nguo, aone kwa macho yake. Halafu tunajitoa. Akitaka kubaki na picha tunamtumia yeye peke yake. Siku hizi hata hizo za jaribio tunapiga shingo kwenda chini, gauni bila uso, na mara nyingi tunalivisha sanamu la mti badala ya mtu. Halipendezi vile vile, tunakubali. Sanamu halicheki.

Yule wa mwaliko wa pili, tulipompigia, alikuwa hajui kama ana ubao. Alicheka mwanzoni. Halafu akauliza kuna nini humo, tukamwambia picha za vyumba vya kulala, na watu 22. Akanyamaza, akasema atazungumza na wifi yake baada ya Magharibi. Jana ametualika yeye mwenyewe, ubao wa siri, watu wanne, jina lake "Ndimu". Ametubandikia mkono mmoja tu wa gauni na chini yake kaandika: "Mkono huu, mengine njooni tuzungumze." Kesho tunakwenda na futi kamba.

Wa tatu bado hatujamjibu. Kama wewe ndiye uliyetualika na unasoma hapa, tupigie simu ya dukani, utuambie wewe ni nani kwa mwari. Na ule ubao, kabla hujafanya jambo jengine lolote leo, utie siri.